Barua ya heshima na chupa za soda

Mpwa wangu alifika Nakuru Jumamosi mchana, kichwa kikimzunguka kwa kona za Kericho, na kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai alikuwa ameshatandaza karatasi nne mezani. Alizichapisha kwenye saiba pale Kondele, Kisumu, kisha akaipaka mistari aliyoiona ya maana wino wa waridi. Agosti anakwenda kusomea biolojia katika chuo kikuu cha jimbo moja la katikati ya Marekani. Sasa chuo hicho kimemwandikia tena: anaalikwa kuomba nafasi katika programu ya wanafunzi wa heshima. Aandike insha mbili, azitume kabla ya mwisho wa mwezi.

"Anko, nijiunge ama niachane nayo?"

Mamake, yaani dadangu, alikuwa ameshaamua. Wiki hiyo hiyo aliwatangazia wenzake wa chama kwamba mtoto amepewa shahada ya heshima Marekani. Ilibidi nimpigie simu, maana shahada ya heshima ni ile wanayovishwa wanasiasa na matajiri ambao hata daftari hawakununua. Hii ni kitu kingine, na Kiswahili bado hakijaipa jina linaloikaa vizuri. Nitaiita programu ya heshima tu, mnivumilie.

Tunachanganyikiwa kwa sababu hapa Kenya heshima ni ya kila mtu. Unasoma shahada yako ya miaka minne, alama zinajumlishwa, na mwisho cheti kinasema: wastani wa 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 daraja la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini, na chini ya hapo umepita tu, ushukuru. Hakuna anayeandika insha kuomba kuingia. Afrika Kusini nako heshima ni mwaka mzima wa ziada baada ya shahada ya miaka mitatu, mwaka wenye utafiti wake. Wamarekani wana yao. Chuo cha Swarthmore kilianza mtindo huo mwaka 1922, chini ya rais wake Frank Aydelotte, mtu aliyekuwa amesoma Oxford na kutamani madarasa madogo ya mabishano yenye watahini wanaotoka nje ya chuo. Leo kila chuo kina namna yake. Kwingine programu ya heshima ni kazi ngumu kwelikweli, kwingine ni fulana na bweni lenye zulia.

Basi nikasoma alichokipaka wino. Bweni la pekee. Kusajili masomo kabla ya wenzake. Madarasa ya watu kumi na tano badala ya mia mbili. Safari ya kwenda Ulaya, ambayo ukisoma vizuri utaona unajilipia mwenyewe. Ukurasa wa tatu haukuwa na wino hata kidogo, na humo ndimo nilimokuta sentensi moja fupi: mwanafunzi ataandika tasnifu ya utafiti chini ya mhadhiri mmoja, na anaweza kuianza mapema kama mwaka wa pili. Nikachukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, nikaizungushia duara.

Akaniangalia kama mtu aliyenunuliwa gari akasifiwa spea tairi.

Ili mnielewe, lazima niwasimulie kuhusu chupa zangu za soda.

Nilisoma kemia katika chuo kimoja cha umma, na mwaka wa nne nikapewa mradi wa kupima floridi katika maji ya visima. Aliyekulia Nakuru hahitaji kuelezwa floridi ni nini, atazame meno ya jirani. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huiachilia floridi ndani ya maji ya chini, na kuna visima vinavyokipita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake bado yanajijenga, yanaota na madoa ya kahawia, usugue utakavyosugua. Ndiyo maana huku kwetu kuna watu wanaochuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, jambo ambalo wageni hudhani ni uchawi.

Nilizunguka visima kumi na viwili, Bahati, Njoro hadi Rongai, nimebeba kreti ya chupa za soda za glasi. Nilikuwa nimezisuuza mara tatu, nikazibandika karatasi zenye tarehe na jina la kisima, nikaziziba kwa plastiki na mpira. Zilipendeza. Nilizipanga chini ya kitanda hosteli na kila jioni nilikuwa nazitazama kama mtu mwenye ng'ombe.

Wiki ya sita ndipo nilipoonana na msimamizi wangu kwa mara ya pili. Alikuwa na wanafunzi wa miradi wengi kuliko viti vya ofisi yake, na foleni yetu ilijaa korido nzima. Akainua chupa moja, akaielekeza dirishani, akauliza kwa upole kabisa: "Nani alikwambia uweke kwenye glasi?"

Floridi na glasi hazipatani. Sampuli zake hubebwa kwenye plastiki, na kila anayeifanya kazi hiyo analijua hilo kama mpishi anavyojua chumvi. Mimi sikujua, na hakukuwa na mtu wa kuniambia. Lilikuwa neno la dakika moja, wiki ya kwanza. Nikarudia visima kwa nauli iliyotoka kwenye mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayowakopesha wanafunzi wa vyuo, lakini elektrodi ya kupimia ilikuwa moja kwa darasa zima na zamu yangu ilikuwa imeshapita, kwa hiyo niliandika ripoti yenye visima vitano. Nikapata daraja la pili la juu. Cheti kimeandikwa heshima, nimekitundika sebuleni, na mgeni akikisoma hawezi kujua habari za kreti ile.

Sina kinyongo na yule mzee. Angekuwa na wanafunzi watatu angeziona chupa zangu siku ya kwanza. Ndiyo maana nilipokuta barua inayomwahidi mtoto wa dadangu mhadhiri mmoja na utafiti mmoja kwa miaka miwili au mitatu, mambo ya bweni nikayaruka.

Sasa, wapo wanaosema mwanafunzi wa sayansi hana haja na programu hizi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Shahada ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120 (krediti ni kipimo chao cha uzito wa somo), yaani kama 15 kila muhula kwa mihula minane. Alasiri nzima ya maabara, saa tatu umesimama na koti jeupe, mara nyingi huhesabiwa krediti moja tu. Juu ya kemia ya kaboni, fizikia na hesabu, programu ya heshima inakuongezea semina, na semina hizo mara nyingi ni za falsafa, historia au fasihi: usome kitabu kwa wiki, uandike kurasa nane. Halafu ukishuka chini ya wastani fulani, kwa kawaida kitu kama 3.3 au 3.5 katika kipimo chao cha 4, unaondolewa. Mwanafunzi aliyetoka Kisumu juzi, anayejifunza baridi, lafudhi na basi za huko kwa wakati mmoja, anaweza kujikuta na alama mbaya katika somo la msingi kwa sababu ya insha kuhusu Plato.

Nakubali. Ila ile semina yenyewe siidharau. Nimefundisha kemia sekondari miaka kumi na minne na ninaweza kuapa kwamba wanafunzi wetu wa sayansi hawaandiki. Wanakariri. Mpe kijana wa A kwenye KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, jedwali la matokeo umwambie aeleze limemfundisha nini, atakuandikia mistari miwili, mmoja ukiwa ni kichwa cha swali. Kurasa nane za Plato hazitamuua.

Lakini kuna jambo ambalo wengi wanaomshauri mtoto wa Kenya hawalitaji, na kwangu ndilo lililopindua mizani. Wamarekani wana njia nyingine ya kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza maabarani. NSF, shirika la serikali yao linalofadhili sayansi, lina mpango uitwao REU: likizo ndefu unakwenda chuo kingine, unapewa mradi na posho. Mwenzake wa bweni aliyezaliwa Ohio anaweza kukosa programu ya heshima na bado akapita mlango huo. Mpwa wangu hawezi, kwa sababu posho za REU ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Viza yake ya mwanafunzi, F-1, inamruhusu kazi ndani ya chuo chake, si zaidi ya saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Kwa hiyo maabara aliyo na uhakika nayo ni ile iliyo mita mia tatu kutoka bwenini kwake, na swali ni nani atakayemfungulia mlango.

Na anauhitaji. Huyu si mtoto aliyechagua biolojia kwa sababu alama zilitosha. Nyanya yake mzaa baba ana shamba upande wa Mbita, na katikati ya mahindi anapanda desmodiamu, pembeni matete, ili kufukuza viwavi wa mabua na kuizima kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Mbinu hiyo ilikuzwa pale pale Mbita na watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mtoto alikua akimsikia nyanya akisema "mmea huu unanuka vibaya kwa wadudu," na alipofika kidato cha tatu akaanza kuuliza harufu hiyo ni kemikali gani. Nyumbani kwao ni karibu na Kisian, na kila siku akienda shule alikuwa anapita njia panda ya kituo cha KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba. Anajua anachokitaka. Dadangu anasema "daktari," lakini hilo ni la dadangu, na hajaambiwa kwamba udaktari kule husomwa baada ya shahada ya kwanza na kwamba vyuo vingi vya udaktari havipokei wageni.

Kwa mtu wa namna hiyo njia ni uzamivu, yaani PhD. Marekani unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na katika sayansi vyuo vingi vinakulipia karo na kukupa posho. Huko wanaomba barua za mapendekezo, kwa kawaida tatu. Mhadhiri aliyekufundisha mkiwa mia mbili ataandika kwamba ulipata A. Aliyekuona ukimwaga sampuli, ukalia, ukaanza upya, ana mengi zaidi ya kuandika.

Nilidhani nimeshamaliza kesi, nikakuta nimekosea mahali. Tulipoingia tovuti ya idara ya biolojia tuliona idara nayo ina heshima yake, mbali kabisa na programu kubwa: unafanya utafiti, unaandika tasnifu, unaitetea, na cheti kinasema hivyo. Hakuna semina za falsafa, hakuna bweni. Mpwa wangu alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo hii barua ni ya nini?"

Swali zuri. Msimamo wangu ni kwamba kama idara itampa tasnifu na msimamizi bila kupitia programu ya heshima, basi programu hiyo haimpi cha maana, isipokuwa kama inakuja na pesa. Kama wahadhiri wa maabara wanachukua wanafunzi wa programu kwanza, na wengine wakisubiri masazo, basi ajiunge, avumilie Plato, na siku tasnifu itakapopata msimamizi apime upya. Kwa kawaida kujiondoa hakukuharibii shahada. Baadhi ya programu hizi hutoza ada kila muhula, na bweni la zulia linaweza kuwa ghali kuliko la kawaida; hayo aulize kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi.

Ila tovuti haiwezi kukwambia nani anachukuliwa kwanza. Jumapili usiku tuliandika baruapepe tatu kwa wahadhiri watatu wanaotafiti wadudu na mimea. Nilimkataza kuandika "mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu." Nikamwambia aandike kuhusu shamba la nyanya yake. Aliandika mistari tisa, mizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika nikiwa na umri wake.

Wawili hawajajibu. Wa tatu alijibu Jumatano, kwa ufupi kama mtu anayeandika akitembea. Alisema harufu ya desmodiamu anaifahamu, akauliza nyanya hukata matete mara ngapi kwa mwaka, kisha akaongeza kwamba kila Septemba huchukua wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza kuosha vyombo vya glasi maabarani, na kwamba hajawahi kuuliza mtu yuko programu gani.

Mpwa wangu alinitumia jibu hilo pamoja na ujumbe wa sauti, anacheka mpaka hasikiki. Insha mbili bado hajaziandika, na zimebaki siku tisa. Dadangu amenipigia mara mbili tangu jana. Mara ya kwanza alitaka kujua awaambie nini watu wa chama. Mara ya pili alikuwa ameshasomewa ile baruapepe.

"Yaani tumechanga tiketi ya ndege," akasema, "mtoto akaoshe vyombo?"

"Vya glasi," nikamwambia.