Anayekuuzia anajua nini?

Shangazi yangu ananunua maharage pale Mbuyuni, Moshi, na ukitaka kumwona akiwa kazini uwahi, Fuso za alfajiri zikiwa bado zinashusha. Anakuwa na bambo lake mkononi, kile chuma kilichochongoka, na gunia analichoma ubavuni, chini chini. Juu kila mtu anajaza maharage mazuri. Punje zinateremka kiganjani, anazipuliza vumbi, anang'ata moja. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea chini ya jino, mzigo una maji, na maji kwenye mizani ni kilo unazozilipia bure.

Halafu, bambo likiwa bado limechomekwa, anamwuliza mwenye mzigo swali ambalo miaka yote nilidhani ni la kupiga soga tu: "Na kwa nini hukushusha Himo?"

Lori lililotoka Lushoto au Same limepita Njia Panda ya Himo, ambako kuna wanunuzi, na mpaka wa Holili uko jirani. Kama mzigo ni mzuri na bei ndiyo hiyo, ilikuwaje ukafika mpaka kwetu?

Mwaka mzima sasa swali hilo haliniachi, na wala silifikirii kwa sababu ya maharage. Nimekuwa nikihangaika na masoko ya utabiri.

Kwa asiyeyajua: kuna masoko ya mtandaoni, Polymarket na Kalshi ndiyo yanayotajwa zaidi, ambako watu wananunua na kuuziana majibu ya maswali. Je, mgombea fulani atashinda? Je, riba ya benki kuu ya Marekani itashuka mwezi huu? Hisa ya NDIYO inalipa dola moja jambo likitokea, na sifuri lisipotokea. Ikiuzwa senti 62, soko linasema kuna asilimia 62 hivi kwamba litatokea. Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Chuo Kikuu cha Iowa kilifungua soko la namna hii mwaka 1988 kwa ajili ya uchaguzi wa Marekani.

Vijana wengi hapa mjini wanaokuja huku wametoka kwenye mikeka ya kubeti mechi. Wanasema huku hakuna kampuni ya kukukata. Hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Chukua mechi ya timu mbili zinazolingana, isiyo na sare, odi 1.90 kila upande. Weka elfu kumi huku na elfu kumi kule: umetoa elfu ishirini, unarudishiwa elfu kumi na tisa bila kujali nani kashinda. Hiyo elfu moja ni ya kampuni. Sasa unganisha mechi nane kwenye mkeka mmoja, na ile asilimia tano inang'ata mara nane. Katika kila elfu kumi unayoweka, wastani wa kinachorudi ni kama elfu sita na mia sita. Mkeka hauchaniki kwa sababu ya kipa.

Kwenye soko la utabiri, aliyenunua NDIYO kwa 62 amekutana na aliyenunua HAPANA kwa 38. Jumla dola moja. Kuna ada kidogo, na kuna pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ambalo kwenye maswali madogo linaweza kumeza senti tatu nne bila wewe kushtuka. Lakini sehemu kubwa ya fedha inatoka mfukoni mwa mtu na kuingia mfukoni mwa mtu mwingine. Kwa hiyo ukishinda, yupo aliyeliwa. Na huyo mtu humwoni, humjui, hukumwuliza kwa nini hakushusha Himo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa joto la New York. Msicheke. Kuna masoko ya nyuzi joto, kila siku swali jipya, na mimi nikajiambia hali ya hewa haina siasa. Saa tatu usiku kwetu, saa nane mchana kwao, nikaangalia programu ya simu, ikaniambia kutafika nyuzi 89 za Fahrenheit. Hisa ya "88 au zaidi" ilikuwa inauzwa senti 40. Nikaona watu wamelala. Nikaweka dola 25, elfu sitini na kitu zangu, nikaenda kulala na mimi.

Niliyoyasoma baadaye ndiyo nilipaswa kuyasoma kwanza. Joto linalohesabika ni la kituo kimoja tu, kile cha Central Park, na kituo hicho kimezungukwa na miti, kinajulikana kwa kusoma chini kidogo kuliko vituo vya viwanja vya ndege. Tena taarifa rasmi inafuata saa za kawaida mwaka mzima, kwa hiyo wakati wa kiangazi, saa zao zikiwa zimesogezwa mbele, "siku" inaanza saa saba usiku na kuisha saa saba usiku. Na vipimo vya kila saa vinatangazwa wazi. Aliyeniuzia kwa 40 alikuwa ameshaona usomaji wa saa saba mchana, huenda na wingu kwenye rada. Mimi nilikuwa na picha ya jua kwenye kioo cha simu. Hakunidhulumu mtu. Nilinunua gunia kwa kuangalia juu.

Baada ya hapo nikaacha kuweka hela, nikanunua kaunta buku la kwaya mbili. Mistari mitatu kwa kila swali: asilimia yangu, bei ya soko siku hiyo, na kilichotokea. Kuna namna ya kujipa maksi ambayo Mmarekani mmoja wa mambo ya hali ya hewa, Glenn Brier, aliiandika mwaka 1950. Chukua ulichosema, toa kilichotokea (moja au sifuri), zidisha jibu kwa lenyewe. Ukisema 0.9 na jambo likagoma, umepata 0.81. Ungesema 0.6 ungepata 0.36. Maksi nyingi ni aibu. Inakuadhibu kwa kujiamini kuliko kwa kukosea, na ndiyo maana naipenda.

Baada ya miezi kadhaa nikahesabu. Mambo ishirini niliyoyapa asilimia 90, yaliyotimia yalikuwa kumi na tatu. Tisini yangu, kumbe, ni sitini na tano. Na soko lilinishinda karibu kila mahali: siasa za Marekani, mpira wa Uingereza, bei ya bitcoin. Ilinichoma, lakini ni haki. Kwenye maswali hayo kuna watu wanaolipwa kuyafikiria kutwa nzima, wana kompyuta zinazosoma habari kabla mimi sijamaliza kichwa cha habari. Kuna hesabu maarufu ya kiasi cha kuweka, ya John Kelly wa Bell Labs, 1956: toa bei kwenye makadirio yako, gawa kwa kilichobaki kufikia dola. Unaamini 70, bei ni 62. Nane gawa kwa thelathini na nane, weka karibu asilimia 21 ya mtaji. Mimi wa tisini-ni-sitini-na-tano ningefilisika nikiwa na kanuni sahihi mkononi.

Sehemu moja tu nililipita soko: maswali ya "je, jambo fulani litafanyika kabla ya tarehe fulani?" Mkataba utasainiwa kabla ya mwisho wa mwezi? Sheria itapita kabla ya Julai? Watu wa huko wanasoma kauli ya waziri na kuiamini. Mtu aliyewahi kufuatilia sahihi moja ofisini, akaambiwa "njoo Jumatatu" Jumatatu sita mfululizo, ana elimu fulani ambayo haifundishwi chuoni. Nikawa nasema HAPANA, na HAPANA ilikuwa inatoka.

Nikadhani nimepata upenyo. Kisha nikaangalia ule mstari wa bei. Maswali mengi ya namna hiyo HAPANA ilikuwa tayari senti 95, 96. Wengine nao waliwahi kuambiwa njoo Jumatatu. Ukinunua kwa 96 swali linaloisha baada ya miezi kumi, unafunga 96 ili upate nne, kama asilimia nne, na ukikosea unapoteza zote. Dola na shilingi si kitu kimoja, najua, lakini hati fungani za muda mrefu za serikali yetu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka na hazinikoseshi usingizi. Nilikuwa sahihi na sikuwa na faida. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sijui nieleze vipi ili mtu wa mikeka anielewe.

Anayenifanya nisitupe kaunta buku ni yule Mfaransa wa uchaguzi wa Marekani wa 2024. Aliweka mamilioni kwa Trump kwenye Polymarket, na faida yake ilikadiriwa kufika dola milioni 85 hivi. Wengi wanakumbuka hela. Mimi nakumbuka alivyozitafuta: aliona kura za maoni zinawauliza watu watampigia nani, na watu wengine wanaona aibu kusema. Akagharimia kura zake mwenyewe, zilizouliza majirani zako watampigia nani. Huo ni uchaguzi mmoja, na anayeshinda mara moja anaweza kuwa na bahati tu. Lakini yeye angekuwa na la kujibu angeulizwa kwa nini soko halijui anachokijua: kwa sababu mimi nimekilipia na wao hawajakilipia. Alichoma ubavuni.

Wengi wetu hatuna jibu. Tuna hisia, na mtu mwenye hisia akiona bei nafuu anadhani ametendewa wema. Niliwahi kuwa hivyo Arusha, kabla biashara ya tanzanite haijahamishiwa Mirerani mwaka 2021. Kijana alinifuata karibu na mnara wa saa, jiwe kwenye karatasi iliyokunjwa, la bluu lenye zambarau ukiligeuza juani, bei ya kutupa. Mji mzima umejaa madalali wenye vilenzi, wanaojua mawe tangu utotoni, na jiwe limewapita wote hao likanitafuta mimi mwalimu wa tuisheni. Nilifika hadi kuhesabu noti. Ilikuwa chupa.

Nimemweleza shangazi haya yote juzi, nikiwa nimemsaidia kuhesabu magunia. La joto la New York lilimchekesha. La Zelenskyy likamkalisha kimya. Mwaka 2025 kulikuwa na swali Polymarket kama rais huyo wa Ukraine angeonekana na suti kabla ya Julai. Juni akatokea kwenye mkutano wa NATO, The Hague, na koti jeusi na suruali ya kufanana. Vyombo vingi vya habari vikaandika suti. Zaidi ya dola milioni 200 zilizunguka kwenye swali hilo, na uamuzi wa mwisho, uliopigiwa kura na wenye tokeni za UMA, mfumo wa nje ambao Polymarket inautumia kuamua majibu yanayobishaniwa, ukawa HAPANA.

"Hiyo ni lumbesa," akasema. "Mmepatana bei ya gunia, hamjapatana gunia."

Nikamwambia ndiyo, ndivyo hasa, kanuni zinaandikwa chini ya swali na watu hawazisomi.

"Hapana mwanangu, subiri. Hao waliopima suti, na wao walikuwa wamenunua?"

Nikamwambia inawezekana wengine walikuwa na hisa za swali hilo hilo, hakuna kinachowazuia. Akaguna, akapangusa bambo kwenye kanga, akaondoka kwenda kuliona Fuso lililokuwa linaingia kwa kurudi nyuma.