Treni ilifika kabla ya watu

Mashariki mwa Vienna, mji mkuu wa Austria ninakoishi, ng'ambo ya mto Danube, kuna eneo linaitwa Seestadt. Zamani palikuwa na uwanja wa ndege, ukafungwa, pakabaki uwanda mtupu. Oktoba 2013 treni ya mjini, njia ya U2, ikaanza kufika pale. Wakazi wa kwanza walihamia mwaka uliofuata. Yaani kwa miezi mingi stesheni ilisimama peke yake katikati ya mashimo ya ujenzi, ikisubiri watu wa kuwabeba. Mimi nahudumia wazee majumbani, na ratiba yangu hunipeleka huko mara kwa mara. Kila nikishuka stesheni ile namkumbuka baba.

Baba alinunua kiwanja Kimara Suka, Dar es Salaam, kwa mwenyeji wa pale, kwa karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Tulihamia nyumba ikiwa na chumba kimoja kilichoezekwa, madirisha tumeziba kwa magunia. Maji tulinunua kwa madumu. Umeme ulikuja nikiwa darasa la tano. Njia ya kuingia kwetu ikawa nyembamba mwaka hadi mwaka, kwa sababu kila aliyejenga aliacha nafasi aliyoona inamtosha yeye. Hadi leo mgonjwa akizidiwa usiku hubebwa mgongoni hadi pale gari linapoweza kufika. Nyumba zilitangulia, na kila kitu kingine kikaja baadaye kutafuta pa kupenya.

Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa, nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa mwaka 2017. Ya mjomba wangu ilikuwemo. Ilikuwa na mita ya umeme na mita ya maji, na bili zote alilipa. Aliambiwa yumo ndani ya hifadhi ya barabara. Sibishani na ramani. Ninachouliza ni kwa nini ramani ilimfikia akiwa mzee wa miaka sitini na tano, wakati waya wa umeme ulimfikia akiwa kijana.

Nikisema haya kwenye kundi letu la familia, jibu huwa moja: wenzetu wana hela. Naliheshimu jibu hilo, lakini historia ya mji ninaoishi hailiungi mkono. Vienna ilianza kujenga nyumba za wananchi mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, dola yao imevunjika, watu wana njaa na kifua kikuu, familia nzima ikilala chumba kimoja. Mwaka 1923 jiji, fedha zake zikiwa mikononi mwa Hugo Breitner, lilianzisha kodi ya nyumba kwa ajili ya ujenzi. Mwenye makazi madogo alitoa kidogo sana, mwenye jumba la kifahari alitoa kiasi cha kuuma. Hadi mwaka 1934 zilikuwa zimejengwa nyumba zaidi ya 60,000. Jengo maarufu kuliko yote, Karl-Marx-Hof, lina urefu unaozidi kilomita moja, na tangu mwanzo lilikuwa na sehemu za kufulia, shule za chekechea, zahanati na maktaba. Leo jiji linamiliki nyumba zipatazo 220,000.

Sasa tazama kodi ya jengo nyumbani. Tangu 2021 tunaikatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500. Napenda njia ya kukusanya, ni rahisi na haina usumbufu. Kiwango ndicho kinachonisumbua. Nyumba isiyo ya ghorofa kule Masaki yenye bustani na nyumba isiyo ya ghorofa kule Manzese yenye wapangaji sita zinalipa sawa. Tena ya Manzese mara nyingi anakatwa mpangaji anayenunua umeme, na kumdai mwenye nyumba anaogopa, maana pango alilolipa la miezi sita linakaribia kwisha. Mji ukitoza hivyo hauwezi kupata fedha ya kutangulia mbele ya watu wake.

Jambo la pili nililojifunza hapa ni daftari. Ukihama Vienna una siku tatu za kuandikisha anwani mpya, na kila mtu anafanya hivyo. Kwa hiyo jiji linajua kata fulani ina watoto wangapi wa miaka mitatu, likaandaa chekechea, ambayo tangu 2009 haina ada. Linajua kuna bibi wa miaka tisini anayeishi peke yake ghorofa ya nne. Mimi natumwa kwake na mfuko wa jiji wa huduma za jamii, namwogesha, namwandalia chai, naondoka. Yeye huchangia kulingana na pensheni yake, jiji humalizia.

Kwetu daftari lipo. Mwenyekiti wa mtaa anamjua nani kahamia, nani kafiwa, mtoto wa nani hajaenda shule. Mwaka 2022 nyumba zetu ziliwekewa namba kwenye operesheni ya anwani za makazi, na sensa ya mwaka huo ikahesabu Dar es Salaam watu 5,383,728. Afisa ustawi wa jamii naye yupo manispaa. Ila maarifa ya mwenyekiti hayapandi juu hadi kwa anayechora ramani. Yanaishia kwenye barua ya utambulisho.

Nisieleweke kwamba huku ni peponi. Nyumba ya jiji huipati mpaka umeandikishwa Vienna miaka miwili, na kibali chako cha kuishi kiwe cha aina inayokubalika. Mgeni anayewasili leo, ambaye ndiye mwenye shida kubwa, anapanga kwa watu binafsi, kwa mkataba wa muda mfupi na bei ya kukaba. Mimi nilianza hivyo, wanne kwenye vyumba viwili. Tiketi ya mwaka ya usafiri, iliyokuwa euro 365 tangu 2012, nayo imepanda mwaka 2026. Na yule bibi wa ghorofa ya nne, siku nisipofika mimi, hakuna jirani wa kubisha hodi. Mama yangu Kimara hawezi kukohoa mara mbili bila mtu kuuliza kulikoni. Hilo jiji lolote haliwezi kulijenga, na bomoabomoa hulivunja ndani ya asubuhi moja.

Wala hatuhitaji kuigiza Ulaya. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: kwanza barabara, maji na viwanja, halafu mwananchi akajenga mwenyewe kwa uwezo wake. Pita Sinza leo, gari la taka linaingia, daladala inaingia.

Na safari hii treni imeshatangulia. Tangu katikati ya 2024 treni ya kawaida ya SGR, reli yetu mpya ya umeme, inasimama Pugu, Soga na Ruvu ikitoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro. Mwezi uliopita dalali alinitumia picha za viwanja Soga, "karibu na stesheni". Nikamwuliza shule itakaa wapi, na soko, na njia ya gari la wagonjwa ina upana gani. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, hivyo vitakuja watu wakishakuwa wengi."

Sijanunua. Ninaomba halmashauri zenye stesheni zile katika maeneo yao zipime ardhi inayozizunguka sasa, shamba likiwa bado shamba na fidia ikiwa bado ndogo: eneo la shule, la zahanati, la soko, stendi ya daladala mbele ya stesheni, mitaa ambayo gari mbili zinapishana, na vipande vya kujenga nyumba za kupangisha kwa mtu wa mshahara wa kawaida. Wakishatenga, waweke mawe ya mipaka na ramani ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, ili dalali akija na mteja wote wawili waione.