Anayesema mseto unamvunja asikilizwe

Mama yangu mdogo, mkaazi wa Wete, Pemba, alipopatwa na malaria alimeza vidonge viwili vya mseto siku ya kwanza na viwili siku ya pili. Vya siku ya tatu alivifunga kwenye pindo la kanga. "Mwanangu, malaria imeshaniachia, sasa inaniua dawa," aliniambia. Tumbo lilikuwa likimsokota na miguu haina nguvu. Kituoni alishaambiwa ajikaze, dawa ni hiyo hiyo kwa watu wote.

Dawa ni hiyo hiyo, kweli. Lakini maini yetu hayafanani.

Mseto wa atesunati na amodiakwini, dawa mbili za malaria zinazotumiwa pamoja, ulianza kutolewa bure Zanzibar mwaka 2003. Amodiakwini ikifika kwenye ini hukutana na kimeng'enya kiitwacho CYP2C8, ambacho huigeuza kuwa dawa nyingine inayokaa mwilini siku nyingi na kumalizia vimelea. Jeni ya kimeng'enya hicho tunairithi, nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Iko aina moja ya jeni hiyo, CYP2C8*2, ambayo kwenye maabara imeonekana kuifanya kazi hii polepole mno.

Utafiti uliochapishwa 2005 kuhusu wagonjwa wa malaria wa hapa hapa Zanzibar ulikuta kwamba katika kila nakala 100, karibu 14 zilikuwa za aina hiyo. Hesabu hii tusiipite haraka. Kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, karibu mtu mmoja katika kila wanne anayo angalau moja. Kwenye benchi la kusubiria dawa wakikaa wanane, wawili ni hao, na kwa sura huwajui. Walioipata kwa baba na kwa mama pia ni wachache mno, lakini wapo.

Wanaotetea utaratibu wa dozi moja kwa wote hawasemi upuuzi. Mseto, vyandarua na upigaji dawa majumbani viliishusha malaria hapa hadi chini ya asilimia 1 ya watu wanaopimwa kwenye jamii. Kumpima jeni kila mgonjwa kabla ya kumpa kidonge ni gharama tusiyoiweza, na homa haingoji majibu. Tena utafiti wa Burkina Faso wa 2007 ulionyesha kuwa wenye CYP2C8*2 walipona sawasawa na wenzao. Yote hayo nayakubali.

Ila utafiti huo huo una jambo jengine. Wenye aina hiyo waliolalamikia maumivu ya tumbo walikuwa asilimia 52. Wasio nayo, 30. Malaria yenyewe huuma tumbo, ndiyo maana hata hao wengine wamefika 30. Lakini hizo 22 za juu ni watu, na kila mmoja wao angeweza kuitwa mkaidi mbele ya foleni. Mama mdogo hajapimwa jeni, siwezi kusema anayo. Ninachosema ni kwamba malalamiko yake yana mahali pa kutoka, na hakuna aliyeyaandika.

Na kuyaandika si kazi ngumu. Mgonjwa akigundulika na malaria, maafisa wa ufuatiliaji huenda mpaka nyumbani kwake kuwapima anaoishi nao. Wameshavua viatu, wameshakaa mkekani. Wamuulize na yeye: dawa imekufanyaje? Wakikusanya majibu ya msimu mmoja wa Unguja na Pemba, wataalamu watakuwa na kitu cha kukilinganisha na zile nakala 14 katika kila 100.

Jioni ile nilimueleza mama mdogo habari ya ini na nakala mbili, na kwamba vimelea vikibaki vitarudi. Akauliza kama jeni hiyo ni ya upande wa mama yake au wa baba. Nikamwambia huenda ni ya wote wawili, huenda si ya yeyote. Akaomba uji, akanywa nusu bakuli, akalifungua pindo.