Bandari Ni Moja

Mama mkwe wangu alipotua Houston kutoka Tanga, Julai ile, alikuja na shangazi kaja moja. Mnaolijua mnalijua: begi la plastiki la miraba, zipu yake ilishakata tamaa zamani, kwa hiyo limezungushwa kamba ya katani mara tatu kama mfungwa hatari. Katani ya Tanga, bila shaka.

Mimi, mkwe mwenye miaka 11 Marekani, nikaona aibu kabla hata ya mtu kunicheka. Tulikuwa tumemkatia mama tiketi ya meli ya utalii, usiku 5, kutoka Galveston hadi kisiwa cha Cozumel, Meksiko, na kurudi. Nikapita dukani nikanunua mabegi matatu ya magurudumu kwa bei ya punguzo. Meusi, yanafanana kama mayai.

"Shikamoo mama. Hili lako, la safari ya meli."

"Marahaba baba." Akalipapasa, akalivuta mbele na nyuma mara mbili, akaridhika na magurudumu. "Zuri sana. Wekeni nguo za baridi." Akarudi kwenye shangazi kaja lake, akakaza kamba.

"Mama, kule hauchukui mzigo wote. Siku tano tu."

"Mwanangu, mimi Pemba nimekwenda na kurudi tangu enzi za majahazi. Mzigo ni kukaa nao. Mzigo uliokaliwa haupotei."

Nikacheka kwa heshima, kile kicheko cha mkwe kinachoishia puani. Kisha nikampa somo. Kwenye meli hizi, mama, hukai na mzigo. Kampuni inakutumia lebo kwa barua pepe, unachapisha, unaikunja, unaibana kwenye mkono wa begi kwa stepla. Ina namba ya chumba chako. Ukifika bandarini unamkabidhi hamali nje, mzigo unapita kwenye mashine ya kukagua, unaingia melini kivyake, na jioni unaukuta mlangoni pako. Wewe unabeba mkononi pasipoti, dawa na nguo za kubadili, basi.

Somo zuri. Mke wangu na mama walilifuata. Mimi mkononi nilibeba pasipoti, chaja ya simu na kofia, basi.

Jambo la pili: nyumbani hakukuwa na stepla. Kulikuwa na selotepu. Wanaoishi pwani ya Ghuba ya Meksiko wanajua joto la Julai lilivyo. Linabandua hata nadhiri. Selotepu ni nani?

Kutoka Houston hadi Galveston ni kama kilomita 80, unamalizia kwa daraja refu linaloingia kisiwani. Nikawashusha mke wangu na mama mbele ya jengo la abiria pamoja na mizigo yao, hamali akaipokea, nami nikaenda kuegesha gari mbali kidogo, kule kwenye bei ya kibinadamu. Nilipofungua buti kuchukua kofia, nikalikuta begi langu limelala chini kabisa, limetulia. Sikuwa nimelishusha. Si neno. Basi la maegesho likanichukua mimi na begi langu.

Basi likasimama. Nikaona meli kubwa nyeupe. Nikashuka.

Nataka mnielewe hapo. Siku hiyo palikuwa na meli zaidi ya moja, na zote zilikuwa kubwa na nyeupe.

Hamali mmoja, mtu mzima, jasho linamtiririka, akapokea begi, akatafuta lebo. Lebo hakuna, selotepu imebaki inaning'inia kama ngozi ya kenge. Akatoa lebo tupu mfukoni, akaniuliza namba ya chumba. Nikamtajia kwa fahari: 7214. Akaandika kwa kalamu nene, akauliza jina, akaliandika kwa namna yake. Nikampa dola 5, akalisukuma begi likaondoka na wenzake.

Simu ikalia.

"Baba Salma, uko wapi?"

"Nimefika, nipo hapa mlangoni."

"Mlangoni wapi? Sisi ndio tupo mlangoni."

Nikainua macho kwa mara ya kwanza nikasoma jina la ile meli. Halikuwa jina la meli yetu. Yetu nikaiona bomba lake kule mbele, gati jingine kabisa. Kugeuka, hamali hayupo, kitoroli hakipo.

Hapo mwanaume mwenye busara angeuliza. Lakini jua lilikuwa la utosini, foleni ndefu, na mke yuko hewani anasikiliza ninavyohema. Nikajiambia maneno ambayo yameandikwa kwenye historia ya ukoo wetu: "Ah, bandari ni moja. Watajuana wenyewe." Nikakata simu, nikakimbia.

Wala sikumwambia mtu. Tukapanda, tukala, tukafanya lile zoezi la usalama ambalo siku hizi ni lazima lifanyike kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka, sheria iliyokazwa baada ya meli ya Costa Concordia kupinduka Italia mwaka 2012. Mama akasikiliza kwa makini kuliko abiria wote, akauliza jaketi la okozi linafungwaje juu ya mtandio. Swali zuri, na mhudumu alilijibu kwa vitendo.

Jioni mizigo ikaanza kuonekana koridoni. Begi la mke wangu likaja. La mama halikuja. Langu, kwa sababu ninazozijua, halikuja. Saa mbili usiku simu ya chumbani ikalia: tunaombwa tufike ofisi ya ulinzi, kuna mzigo umezuiwa. Nikapumua. Nikamtazama mke wangu kwa jicho la "si nilisema", ingawa sikuwa nimesema kitu.

Mezani kwa walinzi palikuwa na shangazi kaja.

Askari wa kike akatugeuzia skrini ya mashine. Katikati ya nguo, wazi kabisa, ulionekana ulimi wa chuma wenye meno, umechomoza kwenye mbao mbili zilizopishana.

"Hiki ni nini?"

Mama alikuwa amebeba mbuzi ya nazi. Nilipomuuliza kwa sauti ya chini, alinijibu kwa sauti ya juu: "Si ulisema tunakwenda kisiwani? Si nilikuuliza kuna minazi, ukasema ipo?" Sikuwa na hoja. Tena alikuwa ametoka nayo Tanga kwenye ndege, kwenye mizigo ya chini, na hakuna aliyeuliza.

Sasa kuieleza. Kiswahili kimetuhurumia, kina "mbuzi wa" na kina "mbuzi ya", mtu hawezi kuchanganya cha kuchunga na cha kukunia. Kiingereza hakina huruma hiyo. Nami nilikuwa na wasiwasi wangu mwingine moyoni, nikatafsiri neno kwa neno. Nikamwambia askari: "Ni mbuzi."

Akaitazama skrini. "Mbuzi?"

"Siyo mzima. Ni mbuzi wa kukalia."

"Umemwambiaje?" mama akauliza.

"Namweleza, mama."

"Humwelezi. Sogea."

Akafungua kamba ya katani, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kanga, na juu ya kanga imeandikwa, naapa, USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Akaikunjua mbuzi sakafuni, akaikalia upande kama inavyokaliwa, akaanza kukuna nazi isiyokuwepo. Alikuna hewa kwa mikono miwili, akageuza kifuu, akapuliza machicha.

Kutoka chumba cha nyuma ukapasuka ukelele. Akatokea mlinzi mwingine, Mfilipino, uso umejaa utoto. "Kudkuran!" anasema, "Kudkuran!" Kumbe kwao wanayo, na mama yake alikuwa anaikalia hivyohivyo. Baadaye nimesoma kwamba Wathai nao wanayo, wao wanaiita sungura, kwa hiyo mnyama si lazima awe mbuzi. Mama na yule kijana wakazungumza dakika kumi, huyu Kiswahili cha Tanga, yule Kiingereza cha kwao, na nilipojaribu kutafsiri wote wawili walinipungia mkono ninyamaze. Walikuwa wamefika kwenye tui la kwanza na la pili.

Hata hivyo sheria ni sheria: chenye makali kinabaki kwa walinzi hadi siku ya mwisho. Wakamwandikia mama risiti. Kwenye nafasi ya maelezo wameandika kigoda kimoja chenye meno.

Tukarudi na shangazi kaja. Begi langu bado. Ikabidi twende mapokezi, na mke wangu akaja.

Dada wa mapokezi akapekua kompyuta. "Ulimkabidhi nani, bwana?"

"Hamali."

"Wapi?"

"Bandarini."

"Jengo lipi?"

Nikakohoa. Mke wangu akageuza shingo polepole, kama feni inayoanza kuzunguka umeme ukirudi.

"Baba Salma. Jengo lipi?"

Nusu saa ya kuwasiliana, kisha dada akatuletea jibu kwa tabasamu la kazini. Begi langu limepatikana, ni salama, limefika chumba 7214, mlangoni kwa watu wasionijua, kwenye ile meli nyingine. Bahati njema, nayo inakwenda Cozumel. Nitakabidhiwa huko Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Nililala na ile kanga. Mke wangu alinitafutia mwenyewe upande wenye maandishi akaugeuzia juu.

Asubuhi mama akagonga, akanipa kanzu. Alikuwa ameishona Tanga kwa kunikisia kwenye picha, zawadi ya kunikabidhi siku ya kuondoka. Nyeupe, imetarizwa shingoni, kwa kweli kanzu nzuri. Ilinibana kidogo kifuani kwa sababu picha ilikuwa ya mwaka wa harusi. Nikaivaa siku nzima ya Jumapili baharini, na tatizo ni kwamba melini vyumbani huwa kuna majoho meupe ya kuogea. Mlangoni kwenye ukumbi wa chakula, kijana mmoja akanisogelea, akaninong'oneza kwa adabu kubwa kwamba chakula cha jioni hakiruhusiwi na joho la bafuni.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anaisifu kanzu, mama."

"Mwambie mshono wa Ngamiani."

Nikamwambia. Hakuelewa, lakini akatupisha.

Baada ya chakula tukatoka kupunga upepo. Mbali kabisa, upeo wa macho, taa za meli nyingine. Mama akaegemea ukingo, akazitazama muda mrefu.

"Ile ndiyo yenye nguo zako?"

Mke wangu akaenda kucheka mbele kidogo, upepo ukamchukua.

Cozumel, Jumatatu, meli yetu ilifunga kwenye gati la kimataifa, ile nyingine Puerta Maya, jirani tu, unaweza kwenda kwa miguu. Tukaenda wote watatu, mimi na kanzu yangu kwenye jua lile, wauza kofia wote wananiita. Wakala mmoja akatokea na begi jeusi. Lebo ina jina ambalo si langu ila limepita karibu na langu. Kwa hiyo, akasema, lazima nithibitishe: kuna nini ndani?

"Mashati."

"Rangi gani?"

Begi alilifunga mke wangu. Nikamtazama. Alikuwa amekunja mikono, anaangalia bahari, amesusa.

"Suruali pia," nikasema.

Wakala akapumua. Nitaje basi kitu kimoja ambacho hakiwezi kuwa kwenye begi la mtu mwingine.

"Anataka nini huyu?" mama akauliza.

"Anauliza nguo zilizomo, mama. Ngoja nikumbuke."

"Mwambie ile boksa yenye mananasi."

Dunia ikatulia. Hata wauza kofia. Mama mkwe alikuwa nyumbani kwetu wiki tatu, anakunja nguo zikitoka kwenye mashine ya kukausha, na mimi sikuwahi kuliwaza hilo hadi mwisho wake. Mbaya zaidi, wakala hakujua Kiswahili. Ilinibidi nimtafsirie mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa kanzu, mbele ya mama wa mke wangu.

Akafungua zipu, akapekua, akaiinua kwa vidole viwili. Mananasi yakapunga upepo wa Karibi.

"Ndiyo hiyo," mama akasema, na kwa mara nyingine akaeleweka bila mkalimani.

Safari ya kurudi sina la kusema, nilikuwa na nguo. Galveston, asubuhi ya kushuka, mizigo yote huwa imeshatangulia kwenye ukumbi mkubwa, imepangwa kwa makundi, unatafuta wako. Mama alikabidhi risiti yake mezani akapewa mbuzi, akaingia ukumbini, akaliona shangazi kaja lake kutoka mlangoni. Dakika moja, nadhani ni chini ya hapo.

Mimi nikaanza kugeuza mabegi meusi. Sijui wenzangu wote nao waliipata ile bei ya punguzo. Dakika arobaini baadaye bado nilikuwa nimeinama nasoma lebo, nikainua kichwa kunyoosha mgongo, nikamwona mama kule mwisho. Amechoka kusimama. Ameikunjua mbuzi katikati ya ukumbi wa forodha, ameikalia, miguu juu ya shangazi kaja, na ofisa mwenye bastola kiunoni anamkaribia, jicho lake kwenye lile jino la chuma.

Nikaanza kukimbia, naruka mabegi, napiga kelele mama asijibu, ningoje. Ofisa akainama kidogo, akamuuliza. Na mama, ambaye siku tano zile alikuwa amejiokotea Kiingereza chake mwenyewe kutoka kwa mkwe wake, akamtazama yule ofisa usoni akamwambia kwamba ni mbuzi.