NMR ya protini haijafa, ila tunaibebesha kazi isiyo yake

Tangu AlphaFold2, programu ya AI inayobashiri umbo la protini, ilipotoka 2020, na hasa baada ya Nobel ya kemia ya 2024 iliyokwenda pia kwa waundaji wake, kuna watu wanasema habari ya kuisoma protini kwa sumaku na mawimbi ya redio, yaani NMR, imekwisha, kwani kompyuta si inakupa umbo kwa dakika chache?

Hawajakosea kote. NMR ni ghali, na inachosha: lazima bakteria wanaotengeneza protini walishwe naitrojeni-15 na kaboni-13 (aina nzito ambazo NMR inaziona), halafu unakaa miezi unatafuta kila kilele kwenye grafu ni cha asidi amino ipi. Protini ikipita uzito wa kilodaltoni 30 hivi vilele vinatanuka na kulaliana, mbinu ya TROSY ya 1997 ilipunguza huko kutanuka, ikasaidia ila haikumaliza tatizo. Kama una protini kubwa na unachotaka ni umbo tu, wala usihangaike.

Ila umbo moja si kila kitu. Chukua lisozaimu ya T4, kimeng'enya cha kirusi kinachoshambulia bakteria, ile waliyotoa asidi amino namba 99, leusini, wakaweka alanini, ikabaki na shimo ndani. Picha ya fuwele, ile ya eksirei, inaonyesha shimo limezibwa pande zote, hamna hata ufa, na bado molekuli ya benzini inaingia na kutoka kama kawaida. NMR ikaonyesha kwamba kwenye nyuzi 25, wakati wowote ule, kama 3% ya molekuli ziko kwenye umbo jingine, linadumu kama milisekunde 1 linarudi. Hiyo 3% haina hata kilele cha kuonekana, inajulikana tu kwa jinsi inavyovichafua vilele vya ile 97%! Mwaka 2011 timu ya Lewis Kay, Toronto, ikalichora umbo lenyewe, na hapo ndo utamu ulipo, maana ungetegemea hiyo 3% iwe mlango wa benzini, kumbe asidi amino namba 114, fenilalanini, imegeuka ikaingia shimoni, yaani ni kizibo. Picha moja nzuri ya ile 97% isingekwambia hivyo hata uikodolee macho mwaka mzima.

Au alfa-sinuklini, ile ya ugonjwa wa Parkinson, asidi amino 140. AlphaFold inaichora helisi (umbo la springi) ndefu iliyonyooka vizuri tu, na kweli ikigusa utando wa seli inajikunja helisi, ila ikiwa huru kwenye maji NMR inaikuta haina umbo moja, inacheza cheza tu.