Tutafika Alhamisi, Saa Tisa na Nusu

Mwalimu wetu wa Kiswidi alikuwa na ubaya mmoja: alifundisha vizuri mno. Wiki ile alituketisha na neno "ska", akasema ndilo la kusemea mambo yajayo. Kichwani nikamaliza kazi papo hapo: ska ni -ta-. "Jag ska", nita-. "Vi ska", tuta-. Nikatoka darasani kifua mbele. Lugha yenye -ta- yake itamshindaje mtu wa Tanga?

Haya yalitokea Umeå, kaskazini mwa Uswidi, mwezi wa Desemba. Desemba ya huko jua linazama karibu saa nane mchana, chakula cha mchana hakijashuka tumboni. Sisi ambao saa yetu inaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, tunabaki tunakisia tu. Mke wangu alikuwa anasoma chuo kikuu pale, mimi nimemfuata. Kazi zangu zilikuwa shule ya lugha ya wahamiaji, kupika, na kufua.

Kufua ndiko kulikonikutanisha na bibi wa ghorofa ya juu. Jengo zima lina chumba kimoja cha kufulia, kule chini kabisa, na kila mtu anajiandikisha zamu. Ukiila zamu ya mwenzio hata kidogo, unakuta karatasi imebandikwa mlangoni, imeandikwa kwa adabu inayouma kuliko tusi. Siku hiyo bibi alinikuta natoa nguo, nikambebea kapu lake. Umri wake ni wa kuamkiwa shikamoo hata na watu wenye wajukuu, ila Kiswidi hakina shikamoo. Zamani walikuwa na vyeo vyao vya kuitana, vingine virefu. Mwaka 1967 mkuu mpya wa mamlaka yao ya afya, Bror Rexed, akatangaza kwamba wafanyakazi wake wote atawaita "du", wewe, na siku hizo nchi nzima ilikuwa inaelekea huko huko. Kwa hiyo bibi wa watu naye ni wewe, mdomo mkavu hivyo hivyo. Mimi dhamiri ikanishinda, nikawa nainama kidogo kila nikitamka "du". Bibi akaniuliza kama mgongo unanisumbua.

Angeweza kusema nami Kiingereza, anakijua. Lakini siku ya kwanza tu nilijitapa kwake: "Jag pratar svenska!" Nasema Kiswidi! Tangu hapo hakunihurumia.

Basi pale kwenye mashine akaniambia: "Ska vi fika på torsdag, halv tre?"

Nifanyeje mimi? "Ska" ninayo, mbichi ya juzi. "Vi", sisi. "Fika", hiyo hata mwalimu sihitaji, nimezaliwa nayo. "På torsdag", Alhamisi. "Halv", nusu. "Tre", tatu. Tutafika Alhamisi, saa tatu na nusu ya kizungu, yaani saa tisa na nusu alasiri. Bibi anakuja kwangu, na kwa kuwa amesema "sisi", haji peke yake. Nilisikia kwamba Waswidi hawaingii kwa mtu bila taarifa ya mapema. Na huyu si ndiyo ananitaarifu?

"Ja, ja! Välkommen!" nikamwambia. Ndiyo, karibu!

Akanitazama kidogo, kisha akavuta pumzi ndani ghafla, "shhup!", kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nikaruka nyuma, nikaangalia sakafuni kama kuna panya. Hakuna kitu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kule kaskazini watu huitikia ndiyo kwa kuvuta hewa. Wakati ule niliona tu mzee wa watu ana kifua kibaya, nikapanga kumpunguzia pilipili.

Alhamisi niliamka na pilau. Nyama nilichemsha mapema, na vitunguu nikavikaanga mpaka vikawa kahawia ile inayolipa pilau rangi yake, king'ora cha moshi kikalia, nikakipepea kwa taulo, kikanyamaza, kikalia tena. Bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, pilipili manga, iliki nzima nzima. Viazi. Kachumbari pembeni. Kwa sababu sikujua "sisi" ya bibi ni watu wangapi, nikapika sufuria la maulidi. Dirishani jirani zangu wote wamewasha nyota zao za Krismasi, nje giza totoro, nami natazama saa ukutani: imefika saa tisa kamili. Bado nusu saa. Nikapalia.

Mlango ukagongwa.

Nimejifunga kanga ya mke wangu kiunoni, mwiko mkononi. Bibi amesimama peke yake. Amevaa gauni zuri na mkufu, lakini miguuni ana ndara za ndani.

"Glömde du fikat?" akauliza.

"Glömde" sikuijua. "Fikat" nikaidaka. Nikasema moyoni, kumbe -me- wao wanaiweka mwishoni: fika, fikat, nimefika! Nikamjibu kwa meno yote: "Ja! Ja!"

Sasa sikiliza alichosikia yeye. Mzee wa watu kauliza, "Ulisahau?" Kijana kajibu, "Ndiyo! Ndiyo!", anacheka.

Uso ukambadilika. Akapunguza sauti: "Är du sjuk?"

Hapo nikasikia "sju", saba. Ahaa, anataka kujua humu ndani tuko wangapi. "Nej," nikamwambia, nikainua vidole, "två!"

Unaumwa? Hapana, wawili.

Nadhani alikuwa anawaza kumpigia mtu simu. Kilichoniokoa ni harufu. Macho yake yalipita begani kwangu, yakaona sufuria, yakaona jamvi limetandikwa na sahani zimepangwa. Akavua ndara bila kuambiwa, maana hilo la viatu mlangoni Waswidi na watu wa pwani tumekubaliana, akaingia, akaketi mezani, akaomba kalamu. Akachukua karatasi ya matangazo ya dukani, akaigeuza, akaandika kwa herufi kubwa: SKA VI FIKA PÅ TORSDAG HALV TRE?

Kwanza alizungushia alama ya kuulizia. Hiyo mimi sikuisikia kabisa. Kwetu swali liko kwenye sauti: "Tutafika Alhamisi" na "Tutafika Alhamisi?" ni maneno yale yale. Wao wanageuza mpangilio. "Vi ska" ni taarifa, "ska vi" ni swali. Na swali lenyewe lilikuwa mwaliko. Ile ska niliyoipa -ta- pale haikuwa -ta- hata kidogo, ilikuwa ile -e yetu ya twende, tule, tukae. Hili sikufundishwa darasani, nililiona mwenyewe kwenye karatasi ya matangazo, juu ya bei ya jibini.

Kisha akachora saa. Akatia wino kuanzia mbili kwenda tatu, akaishia katikati. "Halv tre." Nusu ya kuielekea tatu! Hawahesabu saa iliyopita, wanahesabu ile inayokuja. Yaani saa mbili na nusu ya kizungu, saa nane na nusu yetu. Mimi kwa maisha yangu yote nimekuwa nikitafsiri saa mara moja, kutoka yetu kwenda ya kizungu. Waswidi wakaongeza ngazi nyingine. Bibi alikuwa amekaa juu ananisubiri, kahawa inapoa, mimi huku chini napalia.

"Fika" akaiacha mwisho. Akainua kikombe cha hewani, akanywa, akatafuna kitu cha hewani. Ni kukaa na mtu mkanywa kahawa na kitafunwa. Halafu akaandika KAFFI, jina la zamani la kahawa, akalikata katikati, akachora mishale miwili: KAF kwenda nyuma, FI kuja mbele. Fi-ka.

Nikapiga meza. Hiki si kinyume? Tukiwa watoto tulikisema barabarani kutwa nzima ili wakubwa wasielewe, silabi ya mwisho inaletwa mbele. Nikamnyang'anya kalamu nikaandika KAHAWA, nikachora mshale: WAKAHA. Bibi akaisoma kwa sauti. "Wakaha." Akacheka mpaka akafuta macho. Hata ile -t ya "fikat" aliieleza huku anacheka: Waswidi wanabandika "ile" kwenye mkia wa neno. Fikat, ile fika. Ile niliyoisahau.

Tukala. Alipong'ata iliki nzima nikajiandaa kuomba radhi, yeye akaitoa mdomoni, akaishika kati ya vidole viwili, akaitambua kama ndugu wa damu: "Kardemumma!" Wanaitia kwenye maandazi yao wale, tena kwa mkono mkubwa kuliko wetu. Akaongeza sahani. Nikamuuliza kama pilau limekolea. "Shhup!" Nikakimbilia maji.

Aliposhiba akasimama, akanionyesha darini. Fikat ilikuwa inangoja. Hukatai. Huko juu nilikuta vikombe vyembamba, mikate ya zafarani yenye zabibu kavu wanayooka Desemba, na sinia la biskuti. "Sju sorter," akasema kwa fahari.

"Nani anaumwa?" nikauliza.

Saba. Aina saba. Ni desturi yao ya zamani, mgeni wa heshima anawekewa aina saba za vitafunwa, na mgeni mwenye adabu anaonja zote. Mimi na lile pilau langu tumboni.

Nikiwa kwenye aina ya nne simu ikalia. Mke wangu. Ametoka chuo, ufunguo ameusahau maabara, yuko mlangoni kwetu. "Uko wapi wewe?"

Mdomo umejaa unga wa lozi. "Nafika!" nikamwambia.

Kwa Kiswidi nilikuwa sahihi kabisa. Kwa Kiswahili, mke wangu anayezijua "nafika" zangu tangu uchumba akakaa kwenye ngazi, akavua kofia, akafungua kitabu. Baada ya kitambo akapiga tena, sauti imepoa.

"Bado unafika?"

"Bado," nikasema. "Nimebakiza aina mbili."