Mkaja wa Mama Saa Tisa Usiku

Jamani mimi nafuga sungura huku Minnesota, Marekani, na sio wale weupe wa kawaida, ni wale wanaitwa Harlequin. Uso nusu mweusi nusu rangi ya chungwa, sikio la upande mweusi ndo la chungwa na la upande wa chungwa ndo jeusi, miguu nayo inapishana hivohivo, ukimwona kwa mbali unadhani kibendera cha mshika kibendera kimeota masikio. Asili yao Ufaransa, walionyeshwa Paris mwaka 1887 na wakaitwa Wajapani, ingawa Japani haihusiki hata chembe. Watoto wa huku wananunua kwenda kushindania kwenye maonyesho ya kaunti, mwenye mabaka yaliyopangika vizuri ana hela yake.

Sasa jike langu moja, Mwali, uzao wake wa kwanza ukaangukia Januari. Sungura mkubwa baridi haimpi presha, joto ndo linamuua. Kesi ni kitoto, kinazaliwa uchi, macho kimefumba, kinategemea manyoya ambayo mama anajinyofoa tumboni kutandika kiota, na mama mwenyewe hakai nao, anaingia kunyonyesha dakika chache mara moja au mbili kwa siku kisha anaenda zake. Ndo maana siku ya 28 nikamwekea sanduku la kuzalia nimelishindilia mabua makavu, maana kwenye 31 hivi anazaa. Yeye kazi yake ni kuingia tu. Kuingia tu jamani.

Usiku wenyewe mke wangu yuko zamu, anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, nyumbani nimebaki mimi na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, ambaye tangu atue ndege hajavua koti hata akiwa kitandani. Saa tisa usiku nikashtuka, roho inaniambia Mwali tayari, nje nyuzi 24 chini ya sifuri. Nikakaza msuli wangu kiunoni, nikavaa buti na jaketi juu ya kifua wazi maana naenda mara moja narudi, mlango wetu unajifunga wenyewe kwa hiyo nikaegesha kiatu katikati, simu nikaiacha kwenye chaji.

Bandani si nikakuta Mwali kanyofoa manyoya yote kayarundika kwenye kona anayokojolea, sanduku hata kulinusa hajalinusa, na vitoto saba vimetapakaa juu ya wavu, vya baridi, vigumu, havitikisiki. Harlequin bwana hata akizaliwa uchi mabaka unayaona kwenye ngozi. Nikamulika tochi kimoja, uso umegawanyika katikati kama umepigwa rula, na masikio yamepishana, yaani mshindi wa kaunti huyo, halafu amekauka. Ila wafugaji wa huku wana msemo wao, kitoto hakijafa mpaka kipate joto halafu bado kiwe kimekufa. Nikafungua zipu nikavisokomeza vyote kifuani, nikavuta kamba ya jaketi kiunoni visidondoke, nikafunga zipu mpaka kidevuni, mbio.

Mlango umefungwa.

Kumbe mama kaamka kutawadha, akasikia upepo, akakuta kiatu mlangoni, akakitoa, akafunga kitasa na mnyororo juu.

"Hodi mama! Shikamoo!"

"Marahaba. Nani?"

"Mimi mkweo."

"Mkwe wangu kalala chumbani kwake."

"Mama niko nje, nimefungiwa!"

"Mkwe wangu ndo kaniambia huku Marekani usiku usimfungulie mtu, hata akilia. Na wewe jambazi, Kiswahili umejifunza wapi?"

Nikataka kujibu lakini hapo hapo nikasikia kitu kinatambaa kifuani. Kimoja kimepata joto. Halafu cha pili. Halafu wote, na kitoto cha sungura kikishapata joto kinajua jambo moja tu duniani, kutafuta ziwa, kinachimba kwa pua kinasukuma, na vinazaliwa na vimeno tayari. Kikanidaka chuchu. Nikapiga ukelele mmoja ambao sijawahi kuusikia ukitoka kwangu, taa ya jirani ikawaka.

Mama ndani akasema, "Ehee, unaona, mkwe wangu hapigi kelele za hivyo."

"Mama nakuomba! Niulize chochote!"

Kimya. Kisha, sauti ya taratibu kabisa, "Mkaja wangu ulibaki shilingi ngapi?"

Wakuu, hilo deni tangu harusi tumekuwa tunalizunguka kwa heshima, yeye haulizi, mimi sitaji, kila mtu na amani yake. Sasa nimesimama kwenye barafu na msuli, upepo unapita chini unasalimia sehemu zisizosalimiwa, kuna kinyama kimening'inia kifuani kinanyonya pasipo na maziwa, na pembeni mzee wa jirani keshatoka na tochi anaita kwa Kiingereza kama niko salama.

"Laki mbili na nusu!"

"Sijasikia."

"LAKI MBILI NA NUSU!"

"Na khanga?"

"Doti mbili! Za Mombasa!"

Mnyororo ukafunguka.

Tukaingia mimi na mzee wa jirani, maana aliona kifua changu kinacheza chenyewe akadhani moyo unataka kutoka. Nikashusha zipu mama akapiga yowe, "Panya!" akaruka juu ya sofa, na miaka yake hiyo. Mzee yeye akacheka, kumbe kakulia shamba na sungura, akavipokea kimoja kimoja, tukavipanga kwenye beseni na mabua na yale manyoya niliyorudi kuyazoa, chini tukaweka kile kitambaa cha umeme cha kupasha joto mgongo wa mama. Vyote saba vinahema. Yule wa kwenye chuchu ilibidi nimbembeleze kumtoa, na ndo huyohuyo wa uso wa rula.

Mama akachemsha chai ya tangawizi, akamkaribisha mzee kiti, akakaa naye uso kwa uso. "Mtafsirie," akaniambia, "mwambie yeye ni shahidi, kasikia kwa masikio yake umekiri mwenyewe."

Basi nimekaa kifua wazi, alama nyekundu za meno zinaonekana, natafsiri deni langu mwenyewe. Mzee anatikisa kichwa kwa makini, akauliza hiyo ni dola ngapi, nikamwambia kama mia hivi. Akanitazama. Akamtazama mama mkwe na makoti yake mawili. Akatoa pochi.

Na mke wangu ndo akawa anafungua mlango, kutoka zamu, anamkuta mzungu anamhesabia mama yake noti.